Mama Arudipo Kazini: Habari za Nyumba za Wayahudi Washika Dini

Wasomaji wetu, twawaomba mje nasi kwa fikira mpaka nyumba moja ya Wayahudi washika dini, siku ya Ijumaa jioni. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Mishumaa imewashwa na mama wa nyumba kabla ya jua kuchwa, wala haitaguswa tena hata izimike yenyewe. Mikate miwili iliyosukwa kama nywele imefunikwa mezani. Baba amerudi kutoka sinagogi pamoja na wanawe. Kabla hajabariki kikombe cha mvinyo, anasimama na kuimba sifa za mke wake mbele ya watoto wote, na maneno anayoyaimba tunayajua sana. Ni yale ya mwisho wa Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kuanzia kifungu cha 10, yanayomsifu mke mwema.

Vifungu hivyo ni 22, kwa hesabu ya herufi za Kiebrania, na kila kifungu huanza kwa herufi yake, toka ya kwanza hata ya mwisho, kana kwamba sifa za mwanamke huyu zimeimaliza alfabeti. Desturi ya kuviimba Ijumaa usiku ina umri wa miaka 400 hivi, nayo yasemekana ilitoka kwa wacha Mungu wa mji wa Safed, katika Galilaya. Tangu hapo imeenea katika nyumba za Wayahudi duniani kote.

Sasa na tumtazame mwanamke anayesifiwa. Je, ameketi ndani mchana kutwa? La. Anatafuta sufu na kitani. Analiona shamba, analifikiri, kisha analinunua, na kwa mapato yake anapanda mizabibu. Anafuma nguo na kuwauzia wafanya biashara. Usiku taa yake haizimiki. Huyu ni mke, ni mama, naye ni mfanya biashara. Na katika wimbo wenyewe mambo hayo matatu hayagombani hata kidogo.

Basi, katika nyumba zetu wenyewe mambo hayo hugombana mara nyingi, na katika nyumba za Wayahudi pia. Mama akiisha kujifungua na siku zake za mapumziko kwisha, akitwaa mfuko wake na kwenda ofisini au shuleni, moyo wake hugawanyika vipande viwili. Watu nao husema. Huyu asema anamtupa mtoto. Huyu asema asipokwenda watakula nini. Tumeona vema kuwaeleza habari za mama wa Kiyahudi mshika dini anaporudi kazini, kwa kuwa ndiye anayeimbiwa wimbo ule kila juma, na kwa hiyo shida yake yaonekana wazi kuliko ya wengine.

SHERIA YA KALE YASEMAJE

Wayahudi wana mkusanyo wa sheria za mapokeo uitwao Mishna, uliotengenezwa katika nchi ya Israeli karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Katika sehemu iitwayo Ketubot, yaani hati za ndoa, zimehesabiwa kazi 7 za mke: kusaga, kuoka mikate, kufua nguo, kupika, kumnyonyesha mtoto, kutandika kitanda, na kufanya kazi ya sufu. Sita za kwanza ni za nyumbani. Ile ya saba, ya kusokota sufu, ndiyo iliyoleta fedha. Kwa hiyo tangu zamani wazee wa sheria walijua ya kuwa mke hutia kitu katika mfuko wa nyumba.

Lakini sheria haikuishia hapo. Ikasema kwamba mke akileta mjakazi mmoja kutoka kwao, hasagi tena, wala haoki, wala hafui. Akileta wawili, hapiki wala hanyonyeshi. Na hivyo hivyo kazi zikapunguzwa, hata mwenye wajakazi wanne akaambiwa aweza kukaa kitini. Rabi mmoja, Eliezeri, alipinga akasema kwamba hata akileta 100, yampasa kushika sufu mkononi, kwa sababu uvivu huleta mabaya.

Kisha limo neno ambalo sisi tulilisoma mara mbili tusiamini ukale wake. Kama mke ananyonyesha, sheria yaagiza kazi yake ya mikono ipunguzwe, na chakula chake kiongezwe. Hebu fikirini, wasomaji. Miaka 1800 iliyopita, kabla hakujawa na ofisi wala kiwanda wala chama cha wafanya kazi, wazee hawa waliona ya kuwa mwanamke anayenyonyesha tayari ana kazi, nao wakaihesabu.

Katika Talmudi, iliyokuja baadaye kuifafanua Mishna, yasemwa pia juu ya fedha. Mume amewajibika kumlisha mke, na badala yake mapato ya mikono ya mke huwa ya mume. Lakini mke ana ruhusa kusema, “Usinilishe, wala usichukue mapato yangu.” Kwa hiyo mwanamke hakuwa kama jembe la mtu, linalolima bila kuulizwa. Kazi yake ilikuwa na thamani, nayo ilikuwa na mwenyewe.

BIBI WA HAMBURG

Msidhani ya kuwa hayo yalikaa vitabuni tu. Katika mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mwaka 1646 hivi bibi mmoja aliyekuja kuitwa Glückel wa Hameln. Aliolewa angali msichana mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, akazaa watoto 14, na 12 katika hao wakakua. Pamoja na kuzaa na kulea, alishiriki biashara ya mumewe ya dhahabu na lulu. Mumewe alifanya shauri naye katika mambo yote, na yeye ndiye aliyeandika mapatano yao na washirika.

Mwaka 1689 mumewe akafa. Bibi huyu aandika katika kitabu cha maisha yake kwamba, mumewe alipokuwa kitandani karibu na kufa, aliulizwa kama ana agizo lolote, naye akajibu kwamba mke wake anayajua yote, na afanye kama alivyokuwa akifanya. Naye akafanya. Akanunua lulu, akazichagua na kuziuza. Akaanzisha kazi ya kutengeneza soksi. Akasafiri mpaka magulio makubwa ya Leipzig na Braunschweig, huku nyumbani kuna watoto wengi ambao hawajaoa wala kuolewa. Usiku usingizi ulipomkimbia kwa huzuni, alianza kuandika habari zake kwa lugha ya Kiyidi, mwaka 1691, ili watoto wajue wametoka kwa watu gani. Alifariki mwaka 1724 katika mji wa Metz, nchi ya Ufaransa.

Twaona neno moja hapa. Hakuna aliyemwambia bibi huyu kwamba ameacha dini kwa kuwa ameshika mizani ya lulu. Alifunga saumu zake, alishika Sabato zake, akawatafutia watoto wake ndoa njema. Dini na kazi vilikaa katika mikono ile ile miwili.

MSHONAJI WA KRAKÓW

Lakini nyakati zikabadilika. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wavulana wa Kiyahudi wa Poland walifundishwa Torati tangu utoto, bali wasichana waliachwa waende shule za serikali, nao wengi wakaiona dini ya mama zao kuwa jambo la wazee. Bibi Sarah Schenirer, mshonaji wa nguo katika mji wa Kraków, aliyezaliwa mwaka 1883, akahuzunika kwa hayo. Mwaka 1917 akafungua shule ya wasichana katika chumba chake cha kushonea, wanafunzi kama 25 hivi. Shule zake zikaitwa Beit Yaakov, maana yake Nyumba ya Yakobo. Alipofariki mwaka 1935 zilikuwa zimepita 200.

Jambo hili li karibu sana na habari yetu, kwa maana shule zataka walimu, na shule za wasichana zataka walimu wanawake. Hivyo ualimu ukawa kazi ya heshima kwa binti wa nyumba ya dini, kazi anayoweza kuiendea asubuhi na kurudi bila mtu kumnong'ona.

Baada ya vita kuu ya pili, ambayo katika hiyo vyuo vingi vya Torati vya Ulaya viliangamizwa pamoja na watu wake, marabi wa nchi ya Israeli walitaka kuvisimamisha tena. Wakafundisha kwamba ni vizuri kijana akiisha kuoa akae miaka kadhaa katika chuo kiitwacho kolel, akisoma Torati mchana kutwa. Posho ya kolel ni ndogo. Nani basi atalisha nyumba? Mke, aliyetoka Beit Yaakov na cheti chake cha ualimu. Wanawake wengi walilikubali jambo hili kwa moyo, wakiamini ya kuwa nusu ya thawabu ya masomo ya mume ni yao.

Watu wa namna hii huitwa Haredi, yaani wenye kutetemeka mbele za Mungu. Katika Israeli, kwa hesabu za miaka ya karibuni, wanawake wao walio kazini ni karibu 80 katika kila 100, lakini waume zao ni zaidi kidogo ya nusu tu. Na mwanamke wa Haredi huzaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Pimeni wenyewe mzigo huo. Mwaka 2003 serikali ilipunguza posho za watoto, na nyumba nyingi zikabanwa zaidi. Tena walimu walikuwa wamezidi kuliko shule, kwa kuwa karibu kila msichana alisomea ualimu. Ndipo wanawake wakaanza kujifunza hesabu za fedha, kuchora ramani za majengo, na kuandika programu za kompyuta. Katika mji wa Modi'in Illit, ulio kati ya Yerusalemu na Tel Aviv, makampuni ya kompyuta yakafungua ofisi za wanawake hawa, zenye jiko lishikalo sheria ya vyakula, na chumba cha faragha cha mama kukamulia maziwa.

ASUBUHI YA KURUDI

Na tumtazame mama mmoja wa namna hii, tusimpe jina, maana wako maelfu. Mtoto wake ana miezi mitatu na nusu. Sheria ya Israeli humpa mama aliyechangia bima ya taifa kwa miezi ya kutosha likizo ya majuma 15 yenye malipo, na kama amefanya kazi mwaka mzima mahali pale, aweza kukaa hata majuma 26, ila yale ya ziada hayana fedha. Hawezi kufukuzwa kazi akiwa likizoni, wala siku 60 baada ya hapo. Na akirudi kufanya kazi siku nzima, kwa miezi 4 ya kwanza ana haki ya saa moja kila siku bila kukatwa mshahara. Nyumba hii haiwezi kungoja majuma 26. Majuma 15 yamekwisha, na kodi ya pango inadaiwa.

Basi anaamka kabla ya jua. Ananyonyesha. Anafunika nywele zake, kwa kuwa mke aliyeolewa hafichui nywele mbele ya watu. Wengine hujifunga kitambaa, wengine huvaa nywele za bandia. Anafungasha chakula chake mwenyewe, kwa kuwa sheria yao yakataza kuchanganya nyama na maziwa, naye hawezi kula katika vyombo asivyovijua. Wavulana wanakwenda shule yao, wasichana yao. Mume anamchukua mtoto mchanga kwa mlezi, kisha anakwenda kolel.

Mlangoni mama anageuka nyuma. Mtoto analia. Wahenga wetu walisema kweli, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuna sheria ya serikali wala ya rabi inayoweza kuondoa dakika ile.

Ofisini kuna mambo mengine. Kama ni ofisi ya watu mchanganyiko, wengi wa wanawake hawa hawapeani mkono na mwanamume. Tena mwanamke hapaswi kukaa peke yake na mwanamume asiye wa kwake katika chumba kilichofungwa, hata kama wanazungumza hesabu tu. Kwa hiyo mlango huachwa wazi, au huwa na kioo. Saa ikifika maziwa yanajaa kifuani, na kama hakuna chumba, mama huyu anaona aibu kuomba. Mkubwa wa kazi anataka watu wakae mpaka jioni, naye yampasa aondoke. Mwisho wa mwezi anaona mshahara wake ni mdogo kuliko wa wengine. Hesabu zaonyesha kwamba wanawake wa Haredi hupata fedha chache kuliko Wayahudi wengine wanawake, na sababu iliyo kubwa ni kwamba saa zao za kazi ni chache.

Pamoja na hayo, tusiseme kazi ni maumivu matupu. Kuna furaha katika kuijua kazi yako sawasawa, na watu kukujia kuuliza, nawe ukajua jibu. Mama huyu aweza kurudi nyumbani amechoka mwili na amenyoka mgongo. Wimbo wa Mithali ulijua jambo hilo, kwa maana wasema ya kuwa mwanamke yule aonja bidhaa yake na kuiona kuwa ni njema.

IJUMAA NA JUA LAKE

Lakini shida iliyo kubwa ni Ijumaa. Kwa Wayahudi Sabato huingia Ijumaa jua linapokuchwa, na tangu hapo zimekatazwa kazi za namna 39, pamoja na kuwasha moto, kupika, kuandika na kushona. Kwa hiyo chakula chote cha Sabato lazima kipikwe mapema. Cha kesho mchana huachwa juu ya moto mdogo uliofunikwa hata asubuhi. Watoto lazima waogeshwe, nyumba ifagiliwe. Jua halingoji mtu.

Tena katika nchi zile jua halichwi saa ile ile mwaka mzima kama kwetu. Mwezi wa Desemba huko New York linakuchwa karibu na saa 10 na nusu alasiri, na mishumaa huwashwa dakika 18 mbele yake. Yerusalemu desturi ni dakika 40 mbele ya jua kuchwa, na hivyo wakati wa baridi mishumaa yawaka karibu saa 10. Mfanya kazi wa ofisi inayofungwa saa 11 afanye nini?

Wayahudi waliohamia New York mwanzoni mwa karne ya 20 walilijua jambo hili kwa machozi. Katika viwanda vya nguo kazi ilikuwa siku 6, na Jumamosi ni mojawapo. Aliyekosa Jumamosi aliambiwa asije Jumatatu. Wako walioshika Sabato wakatafuta kazi mpya kila juma, na wako walioiacha Sabato huku wakilia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ilikataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya dini yake, na mwaka 1972 ikaongezwa kwamba mwajiri apatane na desturi za dini ya mtu, isipokuwa kama ni mzigo usiofaa kwake. Lakini mwaka 1977 mahakama kuu ilisema mzigo mdogo tu watosha kumwachilia mwajiri. Ikakaa hivyo miaka 46. Na aliyeibadili si Myahudi. Alikuwa Mkristo, Gerald Groff, mchukuzi wa barua huko Pennsylvania, aliyekataa kufanya kazi siku ya Jumapili. Tarehe 29 Juni 2023 mahakama kuu ya Marekani, majaji wote 9 kwa neno moja, iliamua kwamba mwajiri hana budi kuonyesha kuwa gharama atakayopata ni kubwa kweli kwa kazi yake. Vyama vya Wayahudi vilikuwa vimemwunga mkono. Hivyo Mkristo aliyeitetea Jumapili yake alimfungulia mlango mama wa Kiyahudi atakaye kuondoka mapema Ijumaa. Jambo hili limetufurahisha sana.

HAKIMU WA BROOKLYN

Yuko bibi mmoja anayejulikana, Rachel Freier, wa mtaa wa Borough Park huko Brooklyn, katika New York. Alizaliwa mwaka 1965 katika jamaa ya Wahasidi, ambao ni washika dini sana. Alisoma Beit Yaakov, akajifunza ukarani wa sheria, akafanya kazi katika ofisi za mawakili ili kumsaidia mumewe aliyekuwa akisoma Torati. Alipofika miaka 30 akaona kwamba mawakili anaowaandikia barua ni vijana kuliko yeye. Akawaza, Kwa nini nami nisiwe wakili?

Akarudi darasani na watoto wake nyumbani. Chuo cha kwanza kilimchukua miaka 6, na katika miaka hiyo akamzaa mtoto wake wa sita. Kisha akaingia chuo cha sheria cha Brooklyn, akamaliza mwaka 2005, umri wake miaka 40. Akaongoza pia kikundi cha wanawake wa Kiyahudi waliojifunza kuwahudumia wanawake wenzao wakati wa hatari ya ugonjwa na uzazi, ili mama asione haya kwa kuhudumiwa na wanaume wa mtaani kwake. Mwaka 2016 watu wakamchagua kuwa hakimu wa mahakama ya madai. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kihasidi kuchaguliwa hakimu katika Marekani. Nywele zake zimefunikwa, Sabato yake imeshikwa.

Twamtaja, lakini kwa hadhari. Mama mmoja akipanda mlima, jirani wasiopanda wasiambiwe ni wavivu. Wengi hawatafuti kiti cha hakimu. Wataka tu kufika nyumbani kabla mtoto hajalala.

WAJAKAZI WA WIMBO

Sasa twaja kwenye neno letu lenyewe. Sisi tulio walimu wa dini tumeisoma sura ile ya Mithali katika arusi nyingi. Tumemgeukia bibi arusi na kumwonyesha sufu, na shamba, na taa isiyozimika, tukamwambia, Uwe hivi. Nasi twakiri kwamba kwa miaka mingi tulipita kifungu cha 15 upesi bila kusimama. Kifungu hicho chasema kwamba mwanamke yule aamka kungali usiku, akawapa chakula watu wa nyumbani, na wajakazi wake sehemu zao. Wajakazi! Mke mwema wa Mithali hakuwa peke yake. Na Mishna, tulivyoona, yawahesabu wajakazi mmoja mmoja, na kwa kila mmoja yampunguzia mke mzigo.

Hapo ndipo shida ya mama wa leo ilipo, Myahudi au asiye Myahudi. Tumeubakiza wimbo, tumewaondoa wajakazi. Twamwagiza mwanamke mmoja afanye kazi ya nyumba nzima ya zamani, kisha atoke akalete mshahara, kisha Ijumaa tunamwimbia. Sifa ni tamu, lakini hazifui nguo. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aubebaye ndiye aujuaye uzito wake.

Katika nyumba za kolel wako waume waliolifahamu jambo hili. Kati ya masomo ya asubuhi na ya alasiri kuna saa za mapumziko, na wengi hutumia saa hizo kuwachukua watoto kwa mlezi na kuwalisha, mpaka mama arudi. Si jambo la kuaibisha msomi wa Torati kumbeba mtoto njiani. Mtu yeyote apitaye katika barabara za Bnei Brak huwaona wakisukuma vigari vya watoto. Lakini wako na wengine ambao mzigo huo humwangukia binti mkubwa wa nyumba, mwenye miaka 11 au 12, akawa mama kabla ya wakati. Tujihadhari na jambo hilo sisi sote. Mtoto wa kike si mjakazi wa wimbo.

Basi, enyi waume, na hasa ninyi ambao wake zenu ni walimu na wauguzi na makarani, msiulize tu kama ni halali mama arudi kazini. Swali hilo wazee wa Mishna walilijibu zamani. Ulizeni, Akitoka, nani anashika alichokiweka chini? Kama ananyonyesha, ni kazi gani tumempunguzia, na ni chakula gani tumemwongezea? Na mshahara wake ukija, je, naye ana neno juu yake? Kwa maana wimbo wenyewe, katika kifungu chake cha mwisho, waagiza apewe matunda ya mikono yake, na kazi zake zimsifu malangoni. Kwanza apewe, kisha asifiwe. Nanyi walimu wenzetu mnaosimamia shule, mwalimu mama akirudi kwenu, mtafutieni chumba chenye mlango, wala msingoje aombe. Mkono mmoja haulei mwana.

Turudi mezani kwa wale Wayahudi tuliowaacha. Wimbo umekwisha, mvinyo umebarikiwa, mikate imekatwa, jamaa wamekula na kushiba. Mama amekaa kitini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na sahani chafu ziko mbele yake. Kati ya kazi zote 39 zilizokatazwa siku ya Sabato, kuondoa sahani mezani haimo. Baba aliyeimba vizuri aweza kuinuka.